Paa la Tangi Namba Tisa

Ngazi ilikuwa na vipandio sabini na vinne. Inspekta alivihesabu vyote, maana alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita na magoti yake yalikuwa yakihesabu pamoja naye. Kituoni walimwita Kobe, mara nyingi akiwa hayupo, mara nyingine akiwepo. Hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa anachelewa, lakini anafika.

Alipofika juu alishika chuma cha pembeni, akachungulia ndani ya tangi.

Alitegemea kuona mafuta. Hakuona hata tone. Aliona uwanja wa chuma, wa mviringo, wa kijivu, mpana kiasi cha shule nzima kupanga mstari na nafasi ikabaki. Uwanja huo ulikuwa chini ya miguu yake kwa kina kisichofika kimo cha mtu.

"Hilo ndilo paa," alisema Meneja wa kiwanda, aliyepanda nyuma yake bila kuhema. "Halijafungwa popote. Linaelea juu ya mafuta. Yakiingia linapanda, yakitoka linashuka. Tani mia mbili za chuma, Afande, zinaelea kama jani kwenye beseni."

"Tani mia mbili," Inspekta alirudia.

"Na hapo hujaona kitu."

Meneja alimgeuza taratibu akamwonyesha kiwanda. Asubuhi ilikuwa imekolea. Minara ilisimama kwa safu, mingine ikipumua mvuke, na mabomba yalipita chini yake kwa mamia, manene na membamba, kama mishipa ya mnyama aliyechunwa ngozi. Kwenye ncha ya mnara wa mwisho moto uliwaka peke yake angani, mkubwa kama nyumba. Ardhi yote ilikuwa inatetemeka kidogo. Inspekta aliisikia kwenye nyayo za viatu.

"Mafuta yanatoka kwenye visima vyetu," Meneja alisema. "Yanasafiri siku sita kwenye bomba letu. Yanasafishwa hapa, halafu yanauzwa kwenye vituo vyetu. Toka yanapotoka ardhini mpaka yanapoingia kwenye gari lako, hakuna mkono wa mtu mwingine unaoyagusa."

Alisema kwa fahari, na Inspekta hakumlaumu. Ulikuwa mtambo wa kumfanya mtu ajione mdogo.

Kilichomleta kilikuwa kidogo pia, kwa hesabu ya mahali pale. Mtu mmoja. Mpimaji mkuu wa matangi, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, alikutwa amekufa juu ya paa lile siku nne zilizopita, saa kumi na robo jioni, siku ya mwisho ya robo mwaka. Waliomkuta ni wakaguzi kutoka nje, waliopanda kuhakiki akiba ya mafuta kabla ya hesabu za robo kufungwa.

"Aliteleza," Meneja alisema. "Akapiga kichwa."

"Kutoka hapa mpaka pale chini ni mita ngapi?"

"Moja na nusu hivi."

"Mtu anakufa kwa mita moja na nusu?"

"Mtu anakufa akitoka bafuni, Afande."

Hilo lilikuwa kweli. Inspekta aliandika kwenye kijitabu chake: *bafuni*.

"Ninachoomba," Meneja aliendelea, "ni utufungulie tangi. Siku ya nne leo limefungwa kwa amri yako. Kuna meli gatini inasubiri."

"Inasubiri kuleta au kuchukua?"

Meneja alitazama saa yake kwanza. "Kuchukua."

"Nilidhani mafuta ya hapa yanasubiri kusafishwa."

"Biashara hii ni pana."

Alimpa Inspekta makaratasi yaliyobanwa pamoja, rasimu ya taarifa ya robo mwaka, ili aone kwamba kampuni haikuwa na la kuficha. Bodi ya wakurugenzi ilikuwa ikutane kesho yake saa nane mchana. Inspekta aliisoma pale pale juu, upepo ukimgombania kurasa. Uzalishaji wa visima umepanda. Bomba limeendeshwa bila kusimama. Kiwanda kimefanya kazi kwa asilimia tisini na saba ya uwezo wake, robo bora kuliko zote tangu kijengwe. Akiba ya mafuta ghafi, Tangi Namba Tisa: mita kumi na tatu nukta nne. Ajali kazini: sifuri.

"Sifuri?"

"Cheti cha kifo kilisainiwa baada ya saa sita usiku," Meneja alisema. "Marehemu ataingia kwenye robo inayofuata."

Inspekta alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

*

Kila aliyeulizwa getini alimtaja mtu mmoja, Kipara. Yeye na marehemu walipima matangi zamu moja, na alikuwa pia kaka wa mke wa marehemu. Siku moja kabla ya kifo, walinzi watatu walimwona amemkunja shemeji yake shati kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Inspekta alimkuta kwenye kibanda cha sampuli, chumba chembamba chenye rafu za chupa za mafuta, kuanzia yale meusi kama lami mpaka yale meupe kama maji. Alikuwa mtu wa miraba minne, na kichwa chake kilistahili jina lake.

"Ulimkaba shemeji yako."

"Nilimshika shati. Kukaba ni kitu kingine."

"Kwa nini?"

"Ubishi wake. Alitakiwa aandike namba, akakataa."

"Namba gani?"

Kipara alichukua chupa moja, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mimi nina watoto, Afande. Yeye alikuwa na wanne. Ndicho nilichomwambia. Nilimwambia, shemeji, andika wanachotaka, mafuta si ya baba yako. Akaniambia tepu ya kupimia haina baba."

"Haina baba."

"Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia njoo saa mbili, anakuja saa mbili. Dada yangu ameishi na saa ya ukutani miaka kumi na saba."

Inspekta alivuta kigoda akakaa. "Nieleze asubuhi ile."

"Saa kumi na mbili kamili alichukua tepu, timazi na daftari, akaenda Tangi la Tisa. Mimi nikaenda la Pili na la Tano. Niliporudi saa moja hayupo. Meneja akapita hapa, akaniambia amemruhusu arudi nyumbani, si kesho yake anaanza likizo? Nikafurahi. Nikasema leo dada yangu atamwona mume wake mchana."

"Hukumpigia?"

"Simu haziruhusiwi huku ndani. Tunaziacha getini, kila mtu na kijisanduku chake. Cheche moja tu hapa, Afande, na hata jirani zetu watahama."

Inspekta alirudi getini kwa mwendo wake. Mlinzi alimfungulia kijisanduku cha marehemu. Simu ilikuwa ndani, imekufa chaji, na chini yake funguo za pikipiki. Pikipiki yenyewe ilikuwa bado kwenye maegesho, na ndege walikuwa wameshaifanya yao.

Mtu hawezi kuruhusiwa kurudi nyumbani akaacha simu, funguo na usafiri. Lakini aliyesema karuhusiwa hakuwa Kipara. Inspekta aliandika hivyo kijitabuni, akalikata jina la Kipara kwa mstari mmoja.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya tatu kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, na kila kitu ndani yake kilikuwa kimenyooka: viti, mapazia, hata viatu vya watoto mlangoni. Mjane alimkaribisha Inspekta mezani. Macho yake yalikuwa makavu kwa kuchoka.

"Samahani kukusumbua, mama. Nataka unitambulie vitu vyake."

Alitoa saa ya mkononi. Kioo kilikuwa na ufa, lakini mshale ulikuwa ukitembea. Mjane aliitikia kwa kichwa. Kisha Inspekta akaweka mezani timazi, ule uzito wa shaba unaofungwa kwenye ncha ya tepu ya kupimia, wenye umbo la karoti nene. Mjane aliishika, akaigeuza, akairudisha.

"Hii si yake."

"Ilikuwa mkononi mwake."

"Si yake, dada. Ya mume wangu unajitazamia meno. Kila jioni anaisugua hapa, kitambaa chake kile pale. Nilikuwa namwambia, ungenisugua na mimi hivyo ningekuwa na miaka kumi na minane mpaka leo." Kisha akaichukua tena, akaisogeza dirishani, akapapasa chini ya tundu la kufungia. Kidole chake kilisimama. "Namba yake hii. Ishirini na saba." Sauti yake ilishuka. "Nani kaiharibu hivi?"

Ncha ya timazi, ambayo inapaswa kuwa kali, ilikuwa imelika na kuwa butu kama kidole gumba. Na kwenye kila mkunjo wake kulikuwa na unga mwekundu uliokauka.

Kutu.

*

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mwenye kikombe cha chai kilichopoa, na alionekana kama mtu aliyekuwa akimsubiri mgeni huyu kwa siku nne.

"Niliandika," alisema kabla hajaulizwa. "Ukurasa wa tatu. Tatizo watu wanasoma ukurasa wa kwanza."

"Nisomee."

"Visigino vyote viwili vimepasuka. Nyonga imevunjika. Uti wa mgongo umebanwa hapa na hapa. Huyu aliangukia miguu, kutoka juu sana. Ghorofa ya tatu, ya nne. Kichwa hakina kitu."

"Alikutwa mita moja na nusu kutoka ukingoni."

"Basi mwulizeni aliyempandisha. Mimi nasoma mifupa."

"Alikufa saa ngapi?"

"Mchana. Kati ya saa sita na saa nane. Lakini aliumia asubuhi sana. Uvimbe wake ulikuwa wa saa nyingi. Alikuwa hai kwa saa sita, labda saba, na akili zake zilikuwa timamu." Daktari aligeuza karatasi. "Na kiganja cha kulia kilikuwa na malengelenge mabichi, kama mtu aliyelima siku nzima bila kuzoea jembe."

Inspekta aliandika *malengelenge*, na daktari akamuuliza kama anahitaji maji. Alikataa, akashukuru, akaondoka.

*

Chumba cha pampu kilikuwa na kelele kiasi kwamba watu walizungumza kwa kukaribiana masikio. Aliyekiongoza alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani chini ya kofia ngumu. Alimpeleka Inspekta kwenye kiofisi chenye mlango mzito, akaufunga, na kelele ikabaki nje.

"Siku ile ulisukuma mafuta kwenye Tangi la Tisa, mama?"

"Ndiyo. Yametoka kwenye meli, ile ile iliyoko gatini. Nilianza saa moja kamili asubuhi, nikazima saa kumi kamili jioni." Alifungua daftari la zamu, akaweka kidole.

"Na sasa meli inataka kuyachukua."

"Yale yale. Yameletwa kutembea." Alisema bila kucheka. "Mimi nafungua nikiambiwa fungua, nafunga nikiambiwa funga."

"Paa linapanda kwa kasi gani?"

"Pampu moja ikifanya kazi? Sentimita mbili kwa dakika. Ukilitazama, unaapa halisogei. Nenda kanywe chai, ukirudi limekuzidi kimo."

Inspekta alifanya hesabu pembeni ya ukurasa, polepole, kama afanyavyo kila kitu. Sentimita mbili kwa dakika, saa tisa: mita kumi na nukta nane. Akatoa kwenye zile kumi na tatu nukta nne za taarifa ya robo mwaka. Zikabaki mbili nukta sita.

Alizitazama namba zile. Saa kumi na mbili asubuhi tangi lilikuwa karibu tupu. Mafuta ya robo bora kuliko zote hayakuwepo. Paa lilikuwa mita kumi na mbili chini ya ukingo, ghorofa nne, kama mifupa ilivyosema. Mpimaji alianguka mpaka huko chini. Kisha mafuta ya kuazima yakaingia, na zile tani mia mbili za chuma zikamnyanyua, sentimita mbili kwa dakika, akiwa hai, mpaka mahali ambapo mtu anaweza kusemwa kwamba aliteleza tu.

Inspekta alikuwa ameona mengi kwa miaka thelathini na moja ya kazi. Hili aliliheshimu kwa ukubwa wake, kama mtu anavyouheshimu mto uliofurika.

"Redio yake?" aliuliza.

"Ilikutwa imepasuka. Na kule ndani hata ukipiga kelele, sauti inapanda juu inapotea. Pampu hizi nazo unazisikia." Mama wa pampu alikuwa ameanza kumtazama kwa namna nyingine. "Afande, unanipeleka wapi?"

"Kabla hujasukuma, hakuna mtu anayeangalia kama paa liko wazi?"

"Lazima. Pana kibali. Mtu anapanda, anachungulia, anaandika kwamba hakuna mtu wala kifaa, anasaini. Bila hicho siwezi kubonyeza." Alivuta faili, akalamba kidole, akafunua. "Kila siku anasaini mpimaji. Siku ile..."

Hakumalizia. Inspekta alisoma mwenyewe. *Paa liko wazi.* Saa moja kasoro dakika kumi. Saini ilikuwa ya Meneja.

"Alikileta yeye mwenyewe kwa mkono," mama wa pampu alisema. "Nikashangaa. Nikasema leo bosi kapanda ngazi." Alikaa chini. Alitazama kidole chake cha shahada, kile alichobonyezea. "Ni mimi, basi. Ni mimi niliyembonyezea."

"Wewe ulipewa karatasi, mama."

"Kidole ni changu."

Inspekta alimwekea mkono begani, akauacha hapo kwa muda.

Kibali hakikutosha, na alilijua hilo. Meneja angesema alichungulia lakini hakuona. Jua halijachomoza vizuri, ndani kuna giza, kiza ni kiza. Wakili mzuri angetengeneza chakula kizima kwa kiza kile. Lakini mtu aliyekuwa na akili timamu kwa saa sita, mwenye timazi ya shaba mkononi, alikuwa amekwangua chuma chenye kutu mpaka kiganja kikatoa malengelenge. Na chuma chenye kutu ndani ya tangi ni ukuta wake. Juu ya paa, pale ukuta ulipoonekana, hapakuwa na mkwaruzo wowote. Kwa hiyo mikwaruzo ilikuwepo chini, ndani ya mafuta.

Alipotoka nje ya geti alimpigia Meneja.

"Nalifungua tangi lako kesho asubuhi. Meli ichukue mafuta yake."

Meneja alimshukuru mara mbili.

*

Saa mbili asubuhi pampu mbili ziliwaka kwa pamoja. Inspekta alisimama kwenye ujia mwembamba unaozunguka ukingo wa tangi, na darubini shingoni. Kando yake alikuwa Kipara, na mpiga picha wa polisi. Mama wa pampu alikuwa amemkabidhi mwenzake swichi, akapanda naye, hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kama alivyosema, paa halikuonekana kusogea. Ukuta tu ndio ulikuwa ukirefuka. Ulitoka chini ya paa ukiwa mweusi na mlowevu, mafuta yakichuruzika, kisha ukabaki mwekundu. Nusu saa ikapita. Saa ikapita. Uwanja ule mzima wa chuma ulikuwa unazama mbele yao bila sauti, na kivuli cha ukingo kikawa kinaufuata.

"Hakuna kitu," Kipara alisema, saa tatu na nusu.

"Subiri."

Ilipofika saa nne kasoro dakika ishirini mpiga picha alinyoosha mkono. Chini ya jukwaa la kupimia, kwenye kutu, palikuwa na mstari. Ulikuwa mfupi, umepinda, kama wa mtoto anayejifunza kushika kalamu. Haukuwa na maandishi.

"Hapa alichoka," Kipara alisema.

Paa likaendelea kushuka. Saa nne kamili ukatoka mstari mwingine, mrefu kidogo, na pembeni yake herufi zilizolala. Inspekta alielekeza darubini, akampa Kipara asome, kwa kuwa aliujua mwandiko ule.

"Saa sita," Kipara alisoma. "Nane nukta sita."

Nusu saa baadaye: saa tano, saba nukta nne. Herufi zilikuwa zimesimama. Nusu saa tena: saa nne, sita nukta mbili. Mstari ulikuwa umenyooka.

Hapo ndipo Inspekta alipoelewa anachokitazama. Walikuwa wanamsoma kinyume. Kadiri mafuta yalivyoshuka, ndivyo mkono wa marehemu ulivyopata nguvu. Alikuwa akiwarudia, saa kwa saa, kutoka kwenye ule mstari uliokata tamaa kuelekea asubuhi yake. Mtu aliyevunjika nyonga, aliyelala juu ya chuma kinachopanda, jua likimchoma, alikuwa amehesabu maungio ya mabati ukutani, akaangalia saa yake iliyopasuka, na kila saa ilipotimia akapima tangi.

"Hajakosea hata moja," mama wa pampu alisema. Alikuwa na daftari lake mkononi, akilinganisha. "Hata sentimita, Afande. Mita zangu za pampu hazisomi hivi."

Saa tatu, tano kamili. Saa mbili, tatu nukta nane. Sasa yalikuwa maandishi mazuri, yenye mikia na vituo, maandishi ya mtu anayeandika kwenye daftari la kazi.

Saa sita na nusu mchana pampu zilizimwa. Mwangwi ulikaa ndani ya tangi kwa muda mrefu. Chini kabisa, mita kumi na mbili chini yao, ukuta ulikuwa na maandishi mengi kuliko kwingine kote, yaliyokwanguliwa kwa nguvu mpaka chuma king'avu kikaonekana. Kipara alisoma, akarudisha darubini, akageuka kutazama kiwanda. Inspekta alisoma mwenyewe.

*Saa 12.40. Meneja amechungulia. Nimemwita. Tumetazamana. Ameondoka.*

Na chini yake, ndani ya kiboksi, kama inavyotakiwa kwenye fomu:

*Saa 1. Paa linapanda. Kipimo halisi cha kufunga robo: 2.6*

"Ndiyo namba yenyewe," Kipara alisema. Alikuwa bado amewapa mgongo. "Ile niliyomwambia asiiandike."

*

Chumba cha bodi kilikuwa ghorofa ya juu, na ukuta wake mmoja wote ulikuwa kioo. Inspekta aliingia saa nane na dakika ishirini akiwa na askari wawili, akawaacha mlangoni, akasimama nyuma ya viti. Hakuna aliyemjali. Wakurugenzi kumi na mmoja walikuwa wakimsikiliza Meneja, na alikuwa anasoma vizuri. Visima, bomba, kiwanda, vituo. Sauti yake ilipanda na namba zake.

Mwenyekiti wa bodi, mama mwenye mvi na miwani, aliinua kalamu. "Hii akiba ya Tangi la Tisa. Imethibitishwa?"

"Mita kumi na tatu nukta nne, Mwenyekiti. Wakaguzi walipanda wenyewe."

"Saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

Vichwa viligeuka. Meneja alimwona, akajaribu kutabasamu. "Jioni, Afande. Saa kumi na robo."

"Na asubuhi ya siku hiyo hiyo?"

"Asubuhi hakuna aliyepima."

"Yupo. Alipima saa moja, na saa mbili, na kila saa mpaka saa sita mchana. Ameandika ukutani. Nimetoka kumsoma sasa hivi." Alipita pembeni ya meza ndefu, akaweka picha mbele ya Mwenyekiti, moja moja, kwa mpangilio wa saa, na ya chini kabisa akaiweka ya mwisho. "Ameandika pia nani alichungulia."

Mwenyekiti alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akaisukuma picha ile mezani mpaka ikamfikia Meneja.

Meneja hakuishika. Aliisoma ikiwa pale pale mezani. Alipomaliza, makaratasi ya taarifa yalikuwa yameshamtoka mkononi na hakuonekana kujua.

"Tuligombania daftari," alisema hatimaye. "Juu pale. Alivuta, nikavuta, likamponyoka likabaki kwangu, yeye akaenda chini. Sikumsukuma."

"Hilo utaieleza mahakama. Ulichungulia?"

"Nilichungulia."

"Ukajua yu hai."

Nyuma ya kioo, gatini, meli ilikuwa imejaa na imezama mpaka kwenye mstari wake.

"Tuliajiriwa wiki moja, mimi na yeye," Meneja alisema. Alikuwa anaongea na picha. "Tulipewa kitanda kimoja bwenini, mmoja akiwa zamu mwingine analala. Miaka hii yote, mbele za watu, hakuwahi kuniita kitu kingine ila Meneja. Hata nikimwambia aache." Aligusa ukingo wa picha. "Siku ile kule chini aliniita kwa jina langu."

Inspekta alisubiri kama ana zaidi. Hakuwa na zaidi. Akawaita wale askari kwa jicho.